Mierebi na Maua: Historia ya Msemo Mmoja wa Kichina

Miongoni mwa misemo ya Kichina yenye maneno manne, mmoja wastahili kuangaliwa na kila mwenye kazi ya kamusi. Msemo huo ni *liu an hua ming*. Neno la kwanza ni mwerebi, la pili giza, la tatu ua, la nne mwangaza. Maana yake ya asili ni picha ya majira ya machipuo: mierebi imesheheni majani hata imetia kiza, na maua yamechanua hata yang'ara.

Picha hiyo ni ya kale. Katika karne ya 8 mshairi Wang Wei aliutaja weusi wa mierebi pamoja na mng'ao wa maua alipoieleza asubuhi ya machipuo katika mji wa mfalme. Baadaye Wu Yuanheng, waziri aliyeuawa mwaka 815, aliyaweka maneno yote manne pamoja katika shairi la kumuaga msafiri huko Chengdu. Kwa hao wawili, mierebi ni mierebi, na maua ni maua.

Mgeuko wa maana watokana na Lu You. Mwaka 1166 aliondolewa kazini, akishtakiwa kuwa aliunga mkono vita dhidi ya dola ya Jin, iliyokuwa imeiteka China ya kaskazini. Akarejea kwao Shanyin, ambako leo ni Shaoxing. Mwaka 1167 alitunga shairi juu ya matembezi yake katika kijiji kimoja cha milimani: msafiri adhani milima na mito imemfungia njia, mara mierebi na maua yatokea, na kijiji kingine ki mbele yake. Kutokana na shairi hilo msemo ukapata maana ya tumaini baada ya kukata tamaa, na hiyo ndiyo maana iliyoenea zaidi leo.

Mfasiri wetu atavutwa kuandika "Baada ya dhiki faraja". Hatakosea sana, lakini atapunguza. Methali yetu yasema juu ya wakati: dhiki ina mwisho wake. Msemo wa Kichina wasema juu ya njia: faraja ilimtokea aliyezidi kutembea. Kwa hiyo yafaa kamusi itoe kwanza maana ya machipuo, kisha ya tumaini, kwa mfuatano wa historia. Methali yetu na iwekwe mwisho, kama jirani wa msemo huo, si kama mrithi wake.