Muziki wa Kitoto: Roki Ilivyoingia Bonde la Kilombero

Mhariri aliniomba niandike juu ya historia ya timu ya mpira ya shule. Nimemwomba radhi. Habari za mpira zimekwisha andikwa mara nyingi katika kurasa hizi, na kwa hesabu yangu idadi ya watu waliofunga lile bao moja la fainali ya wilaya sasa imefika kumi na saba. Nimeona afadhali niandike juu ya jambo ambalo halijaguswa, nalo ni muziki wa magitaa ya umeme, yaani roki, uliotushika akili sisi tuliokuwa shuleni kati ya mwaka 1974 na 1977: ulitoka wapi, ulifikaje Ifakara, ulipotelea wapi, na umerudi kwa njia gani.

Kwanza hali ya mkoa. Mtu wa Morogoro hahitaji kufundishwa muziki. Mjini Morogoro Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948, ndiyo iliyokuja kujulikana kote Afrika Mashariki kwa jina la Cuban Marimba, akaiongoza mpaka alipofariki mwaka 1965. Katika mji huo huo palikuwa na Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe, ambayo ilisafiri mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga akaunda Super Volcano na mtindo wake wa Masika. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Watu hao ndio waliotawala redio. Wazazi wetu waliposikia solo la Mbaraka walisimamisha jembe. Nasi tuliwaheshimu, lakini kijana wa miaka kumi na mitano hutaka kitu ambacho baba yake hakijui.

Kitu hicho kililetwa na reli.

Ujenzi wa TAZARA ulianza rasmi Oktoba 1970. Njia ikapita bondeni kwetu, Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikapanda milima kuelekea Makambako, na Julai 1976 Wachina wakaikabidhi kwa serikali za Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Vitabu vya historia vinafundisha kwamba reli ilijengwa ili shaba ya Zambia ipate njia ya kwenda baharini bila kupita Rhodesia ya akina Smith na makoloni ya Wareno. Ni kweli tupu. Lakini sijaona kitabu kinachosema kwamba treni iliyoshusha shaba ilishusha na santuri. Kabla ya reli, masika ikishika, Ifakara ilikuwa kama kisiwa. Barabara ya Kidatu ilikuwa tope, na kuvuka mto kwenda Mahenge kulitegemea kivuko na huruma ya maji. Baada ya reli, kijana aliyefanya kazi ya treni aliweza kulala Zambia juma hili na juma lijalo akanywa chai Ifakara, akiwa na mfuko wa santuri ndogo za kuuza au kukopesha.

Zambia wakati huo ilikuwa inachemka. Katika miji ya migodi ya shaba, Kitwe na Ndola na Chingola, vijana walikuwa wamenunua magitaa na vipaza sauti, wakapiga roki nzito yenye gitaa la kukwaruza. Palikuwa na WITCH, bendi ya Emanuel Chanda aliyejiita Jagari kwa kumwiga Mick Jagger wa Rolling Stones. Palikuwa na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, na Amanaz, ambao mwaka 1975 walitoa santuri kubwa waliyoiita Africa. Siku hizi muziki huo unaitwa Zamrock. Sisi tuliuita "ya Zambia" tu. Tulikuwa tunajua pia Santana na Jimi Hendrix kwa kusikiasikia, lakini hao walikuwa mbali kama mwezi. Kwamba mtu mweusi wa Kitwe, ambaye nauli ya treni inamfikia, aliweza kuliliza gitaa namna ile, jambo hilo lilitukosesha usingizi. (Kuna wanaopenda kunikumbusha kwamba Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946. Ni sawa, lakini bwenini kwetu hapakuwa na mtu aliyekuwa na habari hiyo, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuitangaza.)

Tena hatukuwa na haja ya kuvuka mpaka. Dar es Salaam kwenyewe palikuwa na bendi ya roki, nayo ni Sunburst. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Hembi Flory Kongo, mpiga ala aliyetoka Zaire, pamoja na mwimbaji James Mpungo. Walichanganya roki na soul na midundo ya kwetu, wakaimba Kiingereza na Kiswahili, na mtindo wao wakauita Kitoto. Jina hilo lilitufurahisha sana, maana ndilo neno walilolitumia wakubwa kuudharau muziki wenyewe. Karibu nao alikuwapo Patrick Balisidya na Afro 70, mtindo wa Afrosa, ambaye alikuwa na akili ya kupendwa na vijana na wakubwa kwa pamoja. Serikali ilimpeleka Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha la FESTAC kuiwakilisha nchi. Sunburst hawakuwa na bahati hiyo. Santuri yao kubwa, Ave Africa, ilitolewa mwaka 1976, na ilitolewa Zambia.

Kwa nini bendi ya Dar es Salaam ikatolee santuri yake Zambia? Hapa ndipo lazima tuingie katika siasa, na wanafunzi mliopo sasa naomba msiruke aya hii.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge. Alisikitika kwamba tuliosoma tulifundishwa kucheza dansi za kizungu, rumba na chachacha na twist na rock'n'roll, huku gombe sugu na lelemama wengi wetu hatujapata hata kuzisikia. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mimi nasema hadi leo kwamba hotuba ile ilikuwa ya haki. Mtu aliyetawaliwa hujifunza kuionea haya ngoma ya mama yake. Lakini hotuba ya rais ikifika chini hugeuka mkasi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ikawa vita dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo wakuu wa Dar es Salaam wakapiga marufuku muziki wa soul katika madansi. Katika miaka ya 1970 Radio Tanzania nayo ikawa inapiga karibu muziki wa nyumbani peke yake. Kwa muziki wa dansi hiyo ilikuwa neema kubwa, maana bendi zilirekodi studioni bila kulipa senti, na nchi nzima ikawasikia. Kwa bendi kama Sunburst ilikuwa shida. Walikuwa wa nyumbani, lakini sauti yao ilionekana ya kigeni.

Sasa tazama upande wa pili wa reli. Rais Kaunda naye, katika miaka hiyo, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Ni agizo la namna ile ile, la rafiki yake Mwalimu, kwa sababu zile zile. Matokeo yakawa tofauti kabisa! Kule hapakuwa na mtu wa kuwauliza WITCH kama gitaa lao lina uraia. Kwa kuwa wapigaji ni Wazambia, muziki ni wa Zambia, basi. Redio ikahitaji santuri za kwao, na vijana wa roki wakazijaza. Huku kwetu swali halikuwa nani anapiga, bali kinapigwa nini. Naona tofauti ya Zamrock iliyojaa makabati na roki ya Tanzania inayoenea katika santuri mbili imetoka hapo zaidi kuliko katika vipaji.

Narudi shuleni. Umeme wa Kidatu ulianza kuzalishwa mwaka 1975 ukapita juu ya nguzo kwenda Dar es Salaam, na sisi tuliokuwa karibu na bwawa tukaendelea na jenereta iliyozimwa saa nne usiku. Gramafoni yetu ilikuwa ya betri, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati mchana kutwa ili zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu. Santuri moja ya WITCH ilizunguka mabweni mawili kwa muhula mzima mpaka ikawa inalia kama kikaango. Suruali zetu zilikuwa bugaluu, viatu raizoni kwa aliyeviweza, na mwalimu mmoja wa zamu alikuwa akisimama mlangoni mwa bwalo na mkasi kupunguza upana wa miguu. Nadhani alipata kitambaa cha kutosha kushona mapazia.

Tulikuwa na bendi. Wa zamani mtakumbuka: gitaa moja la kweli lililokuwa la parokia, la pili tulilitengeneza kwa mbao ya mninga na nyaya za breki za baiskeli, besi ya sanduku la chai, na ngoma. Mpiga solo tulimpa jina la mwanamuziki mmoja wa Marekani, nalo alilibeba mpaka kaburini. Hapa simtaji kwa jina la nyumbani kwa heshima ya watoto wake. Ilipofika siku ya utamaduni tuliambiwa tuchague: ngoma ya asili au tusipande jukwaani. Yule bwana, ambaye babu yake alikuwa mpiga ngoma hodari ng'ambo ya mto, akasema basi tutapiga sangula. Tukapiga sangula ya Wapogoro, mapigo yale yale yasiyopotea hata moja, lakini gitaa juu yake likiimba kwa namna ya Zambia. Wazee waliokuja kama wageni walisimama wakacheza. Walimu walitazamana. Mpaka leo sijui tungepewa alama gani, maana mgeni wa heshima aliomba irudiwe na ratiba ikavurugika.

Baada ya hapo mambo yalizimika upesi. Sunburst walisambaratika muda si mrefu baada ya santuri yao. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na Nairobi ndiko santuri nyingi zilikokuwa zikichapwa. Vita vya Kagera vikafuata, kisha miaka ya foleni za sabuni, ambapo kuuliza nyuzi za gitaa dukani ilikuwa kama kuuliza theluji. Zambia nayo ilianguka pamoja na bei ya shaba. Baadaye ukaja UKIMWI, ukawachukua wanamuziki wa Zamrock karibu bendi kwa bendi. Wa WITCH ya mwanzo alibaki Jagari, ambaye alikuwa amekwisha acha muziki akafundisha, kisha akachimba vito. Mpiga solo wetu naye alikwenda katika miaka ya 1990.

Nilidhani habari imekwisha. Kumbe wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakizisaka santuri hizi kama dhahabu. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikaanza kuzitoa upya za Zambia; Jagari akarudi jukwaani uzeeni, na mwaka 2023 WITCH wakatoa santuri mpya kabisa, Zango. Na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zote za Sunburst za 1973 hadi 1976. Mjukuu wangu ndiye aliyenipigia kwenye simu yake, akidhani ananionyesha kitu kigeni.

Tulipokutana Ifakara mwaka jana, sisi sita wa mabweni yale mawili, tulisikiliza Ave Africa yote. Nitasema ukweli wa mtu mzima: si kila wimbo ni mzuri. Kiingereza cha baadhi ya bendi za siku zile kingempa mwalimu wetu homa, na kuna maombolezo ya gitaa yanayochukua muda mrefu kuliko msiba wenyewe. Lakini midundo ya chini, pale ngoma na besi zinaposhikana, ni ya kwetu waziwazi. Mwenzetu mmoja, padri mstaafu, alikuwa akipiga meza kwa vidole, na alichokuwa anakipiga ni sangula.

Linaloniuma ni kwamba ili nisikie bendi ya Dar es Salaam ilinibidi nisubiri London. Kanda za Radio Tanzania, zilizorithiwa na TBC, zimejaa maelfu ya nyimbo, nazo ni kanda za sumaku, zinazeeka katika joto kama sisi. Za bendi za shule hazimo humo hata kidogo. Siku ile ya sangula mtu fulani alirekodi kwa kinasa sauti cha mission, maana nakumbuka kipaza sauti kilifungwa kwenye mguu wa kiti karibu na besi. Aliyenacho kipande cha kanda hiyo, au picha yoyote ya jukwaa lile, akilete kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao. Asiifungue kanda mwenyewe, wala asiichezeshe kwenye redio ya zamani. Ailete kama ilivyo, ndani ya karatasi kavu.