Jicho la Huyu, Ngumi ya Yule

Wasomaji wangu, leo naomba tuziweke kando siasa za nyumbani. Kila ninapotaja kwamba Marekani inataka kutungua makombora kwa msaada wa setilaiti, watu huniuliza kama jambo hilo linawezekana kweli. Swali zuri. Mimi nina jingine, la kiripota zaidi: hiyo ni kazi ya nani?

Kombora la masafa marefu hutoka bara moja hadi jingine kwa muda wa nusu saa hivi. La masafa mafupi huchukua dakika chache tu. Ndani ya muda huo kuna anayeliona, anayepiga hesabu litaangukia wapi, anayetoa amri na anayefyatua. Kama hao wote wako chini ya mabosi tofauti, umeshaanza kuliona tatizo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1956 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Charles Wilson, alijaribu kuamua ugomvi wa majeshi yake. Jeshi la nchi kavu alilipa kulinda maeneo madogo, kama mji au kambi. Jeshi la Anga alilipa kulinda maeneo mapana. Ugomvi haukuisha, kwa sababu kila upande ulikuwa na kombora lake la kutungulia makombora: nchi kavu walikuwa na Nike Zeus, wa anga walikuwa na Wizard.

Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik na Marekani ikashtuka. Januari 1958 waziri mpya, Neil McElroy, akakata shauri. Kombora la kutungulia likabaki kwa jeshi la nchi kavu. Rada za kutoa tahadhari zikawa za Jeshi la Anga. Mwezi uliofuata ikazaliwa ARPA, wakala wa utafiti uliowekwa juu ya majeshi yote ili wasigombanie mambo ya anga za juu.

Naomba uukumbuke mgawanyo huo. Jicho likawa la mmoja, ngumi ikawa ya mwingine. Novemba 1970 Jeshi la Anga lilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa DSP, inayoona joto la moto wa kombora mara tu linaporuka. Mwaka 1975 jeshi la nchi kavu likafungua kituo cha Safeguard huko North Dakota, kikiwa na makombora ya kutungulia. Kilifungwa mwaka uliofuata. Jicho likabaki angani peke yake.

Machi 23, 1983, Rais Ronald Reagan alitoa hotuba ambayo wapinzani wake waliibandika jina la Vita vya Nyota. Alitaka kinga ya kuyafanya makombora ya nyuklia yawe kazi bure. Mwaka 1984 ikaundwa ofisi mpya, SDIO, chini ya Jenerali James Abrahamson wa Jeshi la Anga, naye akiripoti moja kwa moja kwa Waziri wa Ulinzi. Sababu yake inaeleweka: ukiyaachia majeshi, kila moja litavutia kamba kwake. SDIO ikachora mipango ya silaha za kukaa angani, ikiwemo Brilliant Pebbles, maelfu ya vyombo vidogo vya kugonga makombora. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuwekwa kazini.

Halafu ikaja vita halisi. Mwaka 1991 Iraq ilikuwa ikirusha makombora ya Scud kuelekea Israel na Saudi Arabia. Setilaiti za DSP ziliyaona. Lakini taarifa ilishukia Nurrungar, Australia, ikapelekwa Colorado, ndipo ikarudi Ghuba kwa askari wa nchi kavu wenye mitambo ya Patriot. Safari yote hiyo kwa kombora linaloruka dakika chache!

Februari 25 mwaka huo Scud moja ilipiga kambi ya Dhahran na kuua Wamarekani 28. Safari hii lawama haikuwa ya setilaiti. Kompyuta ya Patriot ilikuwa imewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na hesabu yake ya muda ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja hivi ya sekunde. Ikatafuta Scud mahali ambapo haikuwepo. Kinachouma ni kwamba Waisraeli walikuwa wameshatoa taarifa ya kasoro hiyo wiki mbili kabla. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo. Waliojua walikuwa mbali na waliokuwa kwenye mtambo.

Baada ya vita hiyo nchi kavu na majini walishirikiana kutengeneza JTAGS, kituo cha kuhamishika kinachopokea taarifa za setilaiti hapo hapo vitani. Yaani mwenye ngumi alijitengenezea mlango wa kuingilia kwa mwenye jicho. Nadhani hilo lilikuwa na maana kuliko hotuba nyingi.

Huko juu, kazi ya kubadilisha mabango iliendelea. SDIO ikawa BMDO mwaka 1993, na mwaka 2002 ikawa MDA. Wakala huu hubuni na kununua, lakini haupigani. Makombora ya kutungulia yaliyoko Fort Greely, Alaska, yanaendeshwa na askari wa akiba wa jimbo hilo, na yale ya baharini ni ya Jeshi la Majini. Februari 2013 meli USS Lake Erie ilitungua kombora la majaribio ikitegemea taarifa za setilaiti za MDA. Kumbe wakitaka wanaweza!

Desemba 2019 likazaliwa Jeshi la Anga za Juu, likarithi setilaiti za tahadhari. Wiki chache baadaye, Januari 8, 2020, Iran ilipiga kambi ya Al Asad nchini Iraq. Setilaiti ziliona, tahadhari ikafika, askari wakajificha na hakuna Mmarekani aliyekufa, ingawa zaidi ya 100 waliumia ubongo kwa mtikisiko. Patriot haikuwepo pale. Jicho lilikuwepo, ngumi haikuwepo.

Tangu Oktoba 2023 JTAGS nayo iko chini ya Jeshi la Anga za Juu. Mei 2025 Rais Donald Trump alitangaza mpango wa Golden Dome, akataja dola bilioni 175 na kumkabidhi Jenerali Michael Guetlein wa jeshi hilo hilo. Mpango unataka silaha za kutungulia zikae angani, yaani jicho na ngumi sehemu moja.

Maoni yangu ni haya. Kila walipoona ufa kati ya anayeona na anayepiga, wakubwa wa Pentagon walijenga ofisi mpya juu yake. Ofisi inapata jina, bajeti na jenerali, na ufa unabaki chini ya sakafu. Kwa hiyo ukisikia habari za Golden Dome, waache wengine waulize silaha ina kasi gani. Wewe uliza taarifa itapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kumfikia askari kambini. Jibu la swali hilo mwaka 1991 halikuwa zuri.

Nakaribisha maoni yenu, hasa ya wale mnaonipinga.