Stika, nembo na lebo

Katika maduka ya uchapaji ya Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, mtengenezaji wa sabuni na mafuta ya nywele huomba kitu kimoja tu: stika. Mchapaji huuliza ngapi na za ukubwa gani, hupokea picha kwa simu, kazi ikaanza. Baadaye chupa zikishafika bafuni kwa wateja, pembe zinaanza kubanduka na wino unachuja. Au bidhaa inapelekwa kukaguliwa, na mkaguzi haoni ujazo wala namba ya bechi.

Tatizo huanzia kwenye neno lenyewe, kwa kuwa “stika” imebebeshwa kazi tatu ambazo Kiswahili kinaweza kuzitenga vizuri. Nembo ni alama ya mwenye bidhaa. Zamani neno hilo lilitaja hata chale za mapambo au za ukoo zilizochanjwa mwilini. Kibandiko ni kitu chenyewe, yaani karatasi au plastiki yenye gundi mgongoni. Lebo ni maelezo ambayo mnunuzi ana haki ya kuyapata. Lebo inaweza kuchapwa moja kwa moja kwenye boksi au tyubu pasipo kibandiko chochote, na kibandiko kinaweza kuwa na nembo nzuri bila kuwa lebo. Mtu angeweza kusema “kitambulisho” badala ya lebo, lakini kwa msikilizaji wa leo kitambulisho ni kadi ya mfukoni. Neno “lebo” limeshika, na linastahili kubaki.

Kibandiko ndicho kinachokula fedha. Kile kinachojishikiza bila kulowanishwa kilianza kuenea baada ya mwaka 1935, R. Stanton Avery alipoanza kukitengeneza Los Angeles, kikiwa tayari na gundi na karatasi ya kubandua nyuma yake. Tangu hapo aina zimekuwa nyingi, na si zote zinazofaa vipodozi. Karatasi ya kawaida hunywa mafuta: tone moja la mafuta ya nazi likiteremka kutoka shingoni mwa chupa huacha doa lisilotoka. Wino wa majimaji wa printa nyingi huchuja ukiguswa na maji, ilhali unga wa printa ya leza huvumilia zaidi. Ndiyo maana wazoefu huagiza plastiki ya polipropilini iliyopigwa laminesheni, na kwa tyubu ya kuminya huchagua polithini, ambayo ni laini na hujikunja pamoja na tyubu bila kufanya makunyanzi.

Chupa nayo ina tabia yake. Kioo hupokea gundi kwa urahisi. Makopo ya polithini na polipropilini huikataa, kwa hiyo mchapaji aambiwe mapema chupa ni ya aina gani, au apelekewe moja aishike mkononi. Vipimo vichukuliwe kwenye chupa yenyewe. Yenye kipenyo cha sentimita 5 ina mzunguko wa karibu sentimita 15.7, lakini anayeitazama rafuni huona sehemu ndogo tu ya upana huo. Kopo lililopanuka juu na kubana chini halikubali kibandiko cha mstatili. Litataka kilichokatwa kwa upinde.

Siku ya kubandika, chupa hujazwa, hufungwa, kisha hufutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Kidole gumba huanzia katikati kikisukuma hewa kwenda pembeni. Gundi nyingi huhitaji kama saa 24 kushika barabara, kwa hiyo kuzipakia chupa kwenye boksi jioni ileile ni kuharibu kazi ya mchana kutwa. Kabla ya kuagiza vibandiko elfu moja, vichache vikae bafuni wiki nzima, vipigwe na mvuke na kushikwa kwa mikono yenye mafuta.

Lebo ina sheria zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha uwekaji lebo kwenye vipodozi, EAS 346. Tanzania Bara, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mtengenezaji anatakiwa kujitambulisha kwa jina na anwani, kisha aonyeshe ujazo au uzito, viambato, tarehe, namba ya bechi, namna ya kutumia na tahadhari. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa majina ya mfumo wa kimataifa wa INCI: mafuta ya nazi ni Cocos Nucifera Oil, ya mbegu za mlonge ni Moringa Oleifera Seed Oil. Majina hayo humsaidia mwenye mzio popote alipo. Hata hivyo, mama wa Tanga anayempaka mwanawe losheni anastahili kusoma “epusha na macho” kwa Kiswahili, na mtengenezaji anayemnyima maneno hayo matatu ili nembo ipate nafasi amekosea vibaya.

Namba ya bechi ndiyo hupuuzwa zaidi. Hiyo ni namba ya chupa zote zilizotoka katika upishi mmoja. Krimu ikichacha, zinarudishwa hizo tu, si mzigo mzima. Kwa kuwa hubadilika kila upishi, wengi huigonga kwa muhuri baadaye, na hapo laminesheni huwageuka: wino hauingii, unafutika kwa kidole. Mchapaji aombwe kuacha kidirisha kidogo kisicho na laminesheni, kipana kiasi cha kutosha muhuri wa namba na tarehe.