Maji ya Kijani

Mkunga aliyedumu na kazi yake, chupa ya uzazi ipasukapo, hutazama kwanza rangi ya maji. Kwani yakiwa safi moyo wake hutulia, na yakiwa ya kijani, mazito, yenye kuacha waa katika shuka, hufahamu kwamba mtoto amekwisha kupata choo tumboni mwa mamaye, na kwamba choo hicho cheusi chenye kunata chaweza kuvutwa hadi mapafuni, kikaziba njia za hewa na kuziunguza.

Katika mwaka wa 1976 madaktari wa Denver, Marekani, walitangaza utaratibu ambao baadaye ulikuwa sharia: kichwa kikisha kutoka, kabla ya mabega, mtoto afyonzwe pua na koo, kisha atazamwe kooni na kufyonzwa tena. Kifaa kilichotumika mara nyingi ni kile cha DeLee, mrija mwembamba wenye kichupa katikati, ncha moja kooni mwa mtoto na ya pili kinywani mwa mkunga mwenyewe, aliyekivuta kwa pumzi zake, hata khofu ya UKIMWI ilipowalazimu watu kutumia mashine.

Sikubali kuwalaumu watu wale, maana waliona watoto wakifa mikononi mwao. Lakini desturi ilitangulia ushahidi, na ushahidi ulikawia. Mwaka 2000 Thomas Wiswell na wenzake, kwa watoto 2,094 waliozaliwa wachangamfu, walidhihirisha kwamba kuwatia bomba kooni ili kuwafyonza hakukuwafaa kitu. Na mwaka 2004 Nestor Vain na wenziwe, kwa watoto 2,514, wengi wao wa Argentina, waliwagawa kwa kura, wakaona kwamba kufyonza kabla ya mabega hakukuzuia maradhi. Mwaka 2015 miongozo ikaacha kuagiza bomba hata kwa mtoto aliyelegea, ikataka apewe pumzi bila kukawia. Kilichosaidia zaidi ni kutoziachia mimba zipitilize muda wake.

Huku kwetu, mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue yalipoingia Tanzania mwaka 2009, wakunga walifundishwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na asipolia, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha; na katika hospitali 8 zilizochunguzwa, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa karibu nusu, kwa vifaa ambavyo zahanati yoyote yaweza kuviweka mezani.