Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Kusomea Mawasiliano na Habari Ukitokea Minjila

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, wazazi wa hapa Minjila huniuliza swali lile lile: mtoto wangu anataka kusomea utangazaji, nimpeleke wapi, na kazi ipo? Kozi hii nimeisoma na mpaka leo ndiyo inayonilisha. Basi naandika ninayoyajua, ili mtu asiuze ng'ombe wala kukodisha shamba lake la ndizi kabla hajajua analipia nini.

Kwanza jina la kozi, maana hapo ndipo vijana wengi wanapochanganyikiwa. Uandishi wa habari ni kukusanya habari, kuzithibitisha na kuziandika. Utangazaji ni sauti, kamera, mitambo na kupanga vipindi. Mawasiliano ni pana zaidi: ndani yake mna uhusiano mwema, matangazo ya biashara, utafiti na namna ya kufikisha ujumbe kwa umma. Vyuo vingi huchanganya yote mwaka wa kwanza, kisha mwanafunzi huchagua tawi lake. Kijana wa Tana River asilidharau tawi la tatu. Vyumba vya habari viko mbali na ni vichache, lakini ofisi za kaunti, mashirika ya misaada, hospitali na miradi ya kilimo zote zinahitaji mtu anayejua kuandika ripoti, kupiga picha na kuzungumza na wananchi bila kuwakera.

Kuhusu alama, kwa jumla digrii hutaka C+, diploma C-, na cheti D. Vyuo vingi vya habari huongeza sharti la alama nzuri ya Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo soma masharti ya kila chuo kabla ya kuchagua kwenye KUCCPS. Usimwachie kijana wa saiba akuchagulie. Chuo kikongwe cha fani hii nchini ni Kenya Institute of Mass Communication, Nairobi, kilichoanzishwa 1961, na watangazaji wengi wa redio ya taifa wamepitia pale. Kwa sisi wa Pwani kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu walikijua kama MIOME, yaani taasisi ya elimu ya Waislamu, kisha kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili.

Viko pia vyuo vidogo vya kibinafsi, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, kipaza sauti kimoja kwa wanafunzi arubaini. Sisemi vyote ni vibaya. Ila kabla ya kulipa hata shilingi, uliza mambo mawili. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi? Na mtihani wa mwisho unatolewa na nani? Ukijibiwa "mtihani ni wetu wenyewe", chukua mkoba wako uende. Halafu omba uoneshwe studio ikifanya kazi. Studio iliyofungwa kufuli siku ya Jumatano asubuhi imeshakujibu. Baraza la Habari la Kenya, ambalo siku hizi linafanya kazi chini ya sheria ya 2013, hutoa kadi za wanahabari kila mwaka, nalo hutazama vyeti vya mwombaji. Cheti kisichotambulika kitamfungia mtoto mlango huo baada ya karo kwisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Huku kwetu habari si mchezo. Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na chini yake kulikuwa na ugomvi wa zamani wa maji, malisho na mashamba. Anayesomea habari akitokea hapa anajua kwamba neno "wamevuka mto" likisemwa ovyo kwenye simu linaweza kuwahamisha watu kijiji kizima usiku mmoja. Chuoni utafundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Hapa kwetu ongeza swali jingine: nikitangaza hivi sasa, nani atalala nje leo?

Minjila yenyewe ni darasa. Tuko njia panda: mabasi ya Lamu kupitia Witu, magari ya Hola na Garissa, na yale ya Malindi na Mombasa, yote yanapita hapa, na uvumi unashuka pamoja na abiria. Wakati wa mafuriko ya 2018, na tena mwishoni mwa 2023, kila saa ulisikia barabara imekatika. Mwanafunzi mzuri hasambazi. Anampigia dereva aliyetoka upande huo, anampigia chifu, anawauliza Msalaba Mwekundu, na wawili wakikubaliana ndipo anaandika. Na akifika kambini asimwelekezee mtoto kamera bila idhini ya mzazi au mlezi. Hilo limo katika kanuni za wanahabari, wala si hisani.

Jingine ni lugha. Nimewaona vijana wetu wakirudi na Kiingereza cha Nairobi huku wakiona haya kuzungumza Kipokomo au Kiorma. Hiyo ni kutupa mali. Mhariri wa mbali ana waandishi wengi wa Kiingereza, lakini hana wa kumhoji mchungaji wa Kiorma kwa lugha yake akaelewa hata kile alichokinyamazia. Hata wimbo wetu wa taifa wa 1963, unaopigwa redioni kila siku, lahani yake ilitokana na bembelezi la Wapokomo. Wakenya wangapi wanalijua hilo? Wachache, kwa sababu hatujalisimulia wenyewe.

Mwisho ni pesa. Aliyepangiwa chuo cha serikali na KUCCPS anaweza kuomba mkopo wa HELB, na basari za NG-CDF ya Garsen na za kaunti huombwa kwa fomu. Weka nakala za barua ya kujiunga na kitambulisho cha mzazi mapema. Katika hesabu yako tia na mafunzo ya kazini, ambayo huchukua kama miezi mitatu na mara nyingi hayana malipo: chumba Mombasa, nauli na chakula. Wanafunzi wengi hukwama hapo, si darasani. Ukiwa na jamaa Kisauni au Likoni, mjulishe mapema, miezi kadhaa kabla, usimpigie ukiwa tayari stendi na begi mgongoni.