Mwami Atoe Watu: Namna Vijana wa Kivu Walivyoingizwa Jeshini

Mu vitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma na mavuno. Leo tunagusa desturi ambayo hakuna mtu aliyeiomba, lakini imekaa mu familia zetu zaidi ya miaka mia moja: ile ya kutoa mtoto kwa jeshi.

Mwanzo wake ni Force Publique, jeshi ambalo mfalme Leopold wa Pili aliunda miaka ya 1880. Dekreti ya 1891 iliweka kwamba kila mwaka hesabu fulani ya vijana itolewe, na komisere wa distriki apatane na machefu juu ya namna ya kuwapata. Kazi ilikuwa ya miaka mingi. Mingi! Kijana alimuacha mchumba nyumbani, akarudi watu wa rika lake wamekwisha kuzaa mara tatu.

Tuangalie vizuri neno lile, kupatana na machefu. Leta haikujua majina ya watu, ilijua hesabu tu. Kuchagua ilikuwa kazi ya Mwami, chefu na kapita. Sasa jiweke mahali pa chefu: wanataka vijana kumi, kesho kutwa. Utamtoa mtoto wa dada yako? Wengi walitoa kwanza wale wasio na msemaji: mtumwa, yatima, mgeni aliyekuja kuomba shamba, ao mkorofi aliyechokesha baraza. Tusiwacheke. Kule kwa Wabelgiji wenyewe, mpaka 1909, vijana walipigiwa kura, na mtoto wa tajiri aliweza kulipa mtu mwingine aende mahali pake. Tofauti ni kwamba kule mtu alijua bei.

Vita ya 1914 ilikuta Goma ni posti ndogo, ikitazamana na Gisenyi ya Wajeremani. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yalivuka mpaka, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Bazee wakisema Tabora, wanasema bunduki na ushindi. Lakini wengi waliochukuliwa hawakushika bunduki hata siku moja, walibeba mizigo. Kwa Kongo nzima wapagazi wa vita ile walipita 200,000. Wengi walikufa njiani kwa magonjwa na njaa, na majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Wale waliovaa uniforme walirudi na kitu kingine: Lingala. Kisha askari kuasi Luluabourg mu 1895, wakubwa wa jeshi waliamua kuchanganya makabila mu kila kikosi, na baadaye Lingala ikawa lugha ya amri. Ndiyo sababu hapa Goma, mji wa Kiswahili, kwa miaka mingi mtu akisikia Lingala mlangoni usiku, alifikiri kwanza soda, halafu mgeni.

Kisha uhuru, jeshi ilibadilisha jina mara nyingi, lakini daftari ya vijana wote wa inchi haikupatikana. Itapatikana wapi? Hesabu kubwa ya watu tangu uhuru ni ile moja ya 1984. Mara moja tu tuliona watoto wa shule kubwa wakichukuliwa kwa nguvu: Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium waliandamana, na Mobutu akawavalisha wote uniforme. Angalia vile jeshi ilifikiriwa: kwa wale wasomi ilikuwa azabu.

Mwaka wa 1996 AFDL ilipopita hapa kwetu, njia ya chefu haikuhitajika tena. Walichukua batoto mashuleni na barabarani, wengine walienda wenyewe. Tukawaita kadogo, jina la upole kwa jambo lisilo na upole. Vikundi vilivyofuata vilifanya vilevile, na mara nyingi familia iliambiwa itoe mtoto ao itoe ngombe, ao franka. Hesabu ya zamani imerudi, ila sasa inagonga mlango wa mama.

Ni kweli, wako waliojitolea. Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliita vijana, na wa Goma walikuja kwa wingi kujiandikisha, miaka miwili na kitu kabla ya mji kuingia mikononi mwa M23 mu Januari 2025. Wale hatuwahesabu pamoja na waliotolewa.

Sheria nayo iko. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza jeshini mtu asiyetimiza miaka 18. Anayefanya hivyo hufungwa miaka 10 mpaka 20. Mwaka wa 2012, kule La Haye, Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa kwa kuingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15. Mu kesi ile walibishana sana juu ya umri. Wataalamu walitazama picha za mifupa na meno, maana karatasi za kuzaliwa mara nyingi hazikuwako. Hapa kwetu pia ziko familia ambazo mpaka leo mtoto wao hana karatasi ile, na umri wake unajulikana na mama tu: alizaliwa mwaka volkano ilipochoma mji, 2002, kisha mavuno ya maharagwe.