Fahirisi Bashiri ya Lishe

Majarida ya upasuaji wa saratani ya tumbo na utumbo yamejaa herufi tatu: PNI, kifupi cha Kiingereza cha "prognostic nutritional index". Ni namba moja anayoitazama daktari kabla ya kushika kisu, imwambie kama mwili wa mgonjwa una akiba ya kufunga kidonda na kupigana na vijidudu.

Namba hiyo, kwa namna inayotumika sana leo, ilitoka Japani mwaka 1984. Onodera na wenzake walichukua vipimo viwili vya damu: albumini, protini inayotengenezwa na ini, na limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Gramu za albumini kwa lita hujumlishwa na idadi ya limfosaiti katika milimita moja ya ujazo wa damu, ikiisha kuzidishwa kwa 0.005. Mwenye albumini 28 na limfosaiti 1,200 anapata 28 na 6, yaani 34. Kwa Onodera, aliyezidi 45 aliweza kukatwa utumbo na kuungwa kwa usalama. Aliye chini ya 40 hakufaa kufanyiwa hivyo.

Kwa Kiswahili, neno fahirisi tunalo tayari. Wachumi wanalitumia kila mwezi kwa bei za bidhaa. Ugumu uko kwenye ubashiri. Anayefasiri haraka ataandika "fahirisi ya ubashiri wa lishe", na msomaji ataelewa kwamba kinachobashiriwa ni lishe. Sivyo. Lishe ndiyo inayobashiri. Kinachobashiriwa ni yatakayompata mgonjwa baada ya upasuaji. Ndiyo maana napendelea fahirisi bashiri ya lishe, kwa muundo ule ule wa programu tumizi.

Na yatakayompata ni nini? Utumbo ni makao ya bakteria wasiohesabika. Ukikatwa na kuungwa, mshono lazima ushike kwa siku za mwanzo ambapo mwili unajenga kolajeni, nayo kolajeni ni protini. Mwili uliokwisha kula misuli yake wenyewe hauna cha kujengea. Mshono ukivuja, uchafu wa utumbo humwagika tumboni, na hapo hatuzungumzii tena usaha wa kidonda cha juu bali maisha ya mtu. Limfosaiti zikiwa chache, hata uvujaji mdogo hukosa wa kuuzuia.

Uhusiano huu wa lishe na matokeo ya upasuaji ulionekana zamani. Mwaka 1936 huko Cleveland, Marekani, daktari Hiram Studley aliwachunguza wagonjwa waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo. Kati ya waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, theluthi moja walikufa. Kati ya wengine, asilimia 3.5 tu. Alitumia mizani peke yake.

Hata hivyo neno lishe ndani ya istilahi hii linabeba nusu ya habari. Albumini hushuka pia kwa sababu ya uvimbe na homa ya ndani ambavyo saratani yenyewe huvichochea. Isitoshe, hukaa katika damu muda mrefu: nusu yake huisha kwa takriban siku 20. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kulishwa vizuri wiki nzima na albumini isisogee, na si haki muuguzi au ndugu kulaumiwa kwamba hawakumlisha. Kama ningeachiwa uhuru, ningesema fahirisi ya lishe na kinga.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii inamgusa hasa mwenye saratani ya umio, ugonjwa ulioenea Kenya, Tanzania na Malawi. Huanza kukwama ugali, kisha ndizi, mwishowe hata uji. Anapofika hospitali, njaa imeshatangulia kazi ya saratani. Miongozo ya Ulaya inashauri aliye katika hatari kubwa apewe lishe ya tiba kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kupasuliwa, kwa mdomo au kwa mrija, hata kama upasuaji wa saratani utasogezwa mbele. Familia nyingi huiona siku hiyo iliyosogezwa kuwa uzembe. Daktari anapaswa kuwaonyesha namba na kuwaeleza kwamba matibabu yameshaanza, na kwamba uji wa maziwa na mayai ni sehemu yake.